Vijana Wamevuka

Sauti ile ni yangu. Sikatai, na hata ningekataa nani angenisadiki? Mtwara nzima inaijua. Ukisikia bajaji inapita na spika juu, "Tangazo, tangazo, wakazi wa Mikindani mnatangaziwa," ujue ni mimi, Hamisa binti Chande. Chanjo ya watoto natangaza mimi. Maji yakikatwa, mimi. Duka likileta vitenge vya bei ya kutupa, mimi tena. Mwaka wa kipindupindu nilihimiza watu wachemshe maji mpaka watoto wakawa wananiita Bi Chemsha barabarani, na mama zao wanacheka badala ya kuwachapa. Narekodi kwenye simu, Hemedi anaunganisha na spika ya bajaji yake, tunazunguka mitaa yote. Watu wa pwani hii redio wanaibishia na gazeti wanafungia dagaa, lakini Bi Hamisa akisema, wanafanya. Nilikuwa najivunia hilo, Mungu anisamehe.

Sasa, kaka yangu Asadi ana binti, Yasmini, yuko chuo kikuu Dar es Salaam. Anasomea maneno. Ndiyo, maneno, nami nilishangaa hivyo hivyo. Anachukua neno moja la kila siku na kulifuata katika magazeti na majarida ya zamani, tangu enzi za mkoloni hadi leo, aone limetumikaje. Akanipigia simu.

"Shangazi, kwa Zainabbai si kuna magazeti ya zamani?"

"Yapo, panya waliyobakisha. Unatafuta neno gani?"

"Vijana."

Nikamwambia, "Mwanangu, katika Kiswahili chote hukuona neno jingine?"

Kwetu neno hilo halisemwi ovyo siku hizi. Ukivuka mto Ruvuma uko Msumbiji, na huko kwa miaka sasa kuna watu wanachoma vijiji na kuchinja binadamu wenzao. Wanaitwa kwa jina la Kiarabu ambalo maana yake ni vijana, basi. Watu wa kandokando ya mto wakaliacha la Kiarabu, wakashika la Kiswahili. Mtu akikwambia "vijana wameonekana," humuulizi vijana gani. Unatafuta watoto wako wako wapi. Tangu nyumba zichomwe hata upande wetu huu wa mto, harusini tunasema "wavulana wabebe viti," na wacheza mpira ni "mabarobaro," hata wakiwa na vipara. Neno zima tumewaachia wale.

"Ndiyo maana nalitaka, shangazi," akasema Yasmini. "Lilikuwa letu."

Haya. Ningefanyaje, mtoto wa kaka yangu huyo.

Zainabbai ni mjane wa Fazal. Duka lao la Mikindani ni la vitu vidogo vidogo, betri, sindano, sabuni, na juu yake kuna chumba alimokuwa baba mkwe wake akihifadhi kila karatasi iliyochapishwa. Mzee yule alikuwa hatupi kitu. Zainabbai akanipa ufunguo na kiti, akaniambia nifungue dirisha nisife kwa vumbi. Kamera ya simu yangu ilipasuka, picha zinatoka ukungu mtupu, na kuandika kwa vidole hivi ni mateso. Basi nikawa nasoma kwa sauti, narekodi, namtumia Yasmini kwenye wasapu. Na nikisoma, nasoma kama ninavyotangaza. Sauti nyingine sina.

Loo, neno lile limetembea! Jarida moja la zamani za Waingereza linamsifu "kijana wetu mwaminifu" aliyempikia bwana mkubwa tangu kabla ya vita, na chini yake picha ya mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Kijana huyo ana wajukuu! Nilimrekodia Yasmini pamoja na tusi langu. Gazeti jingine linawauzia mafuta ya nywele "vijana waungwana." Baada ya Uhuru neno likavaa sare: vijana wanalima, vijana wanalinda mpaka, vijana wamejenga zahanati kwa mikono mitupu, unasoma mpaka unatamani uzaliwe upya. Kisha sijui walimkosea nani, maana katika magazeti ya baadaye vijana wale wale wanazurura, wanavuta bangi, wanapakiwa kwenye malori wakalime kwa nguvu. Halafu ghafla wamekuwa taifa la kesho. Kila mgeni rasmi, kila ukurasa, taifa la kesho. Nikamwambia Yasmini, karatasi zimegeuka manjano na kesho yenyewe haijafika. Akacheka, akasema niendelee.

Nikaendelea. Ingekuwa heri kama siku ile ningekaa nyumbani nikamenya ming'oko, viazi vyetu vya porini.

Ilikuwa mchana, kabla ya adhuhuri. Nikapata gazeti lisilo na ukurasa wa mbele, la miaka ya sabini nadhani, maana habari yenyewe ilikuwa ya furaha baada ya Msumbiji kupata uhuru. Wacheza ngoma na wacheza mpira wa kule walikuwa wanakuja kututembelea kwa urafiki. Kabla sijaanza kusoma, simu ikalia: mtu katika grupu la ukoo anauliza hitima ya bibi yetu ni lini. Nikafungua grupu, nikamjibu, nikarudi kwenye gazeti langu. Nilidhani nimerudi na kwa Yasmini pia. Nikabonyeza, nikasoma kwa sauti yangu ya spika:

"Vijana wamekwisha kuvuka mto Ruvuma. Leo jioni wanatarajiwa kufika Msimbati. Wananchi wote, wake kwa waume, mnatakiwa kujitayarisha..."

Vumbi likanipanda puani. Nikapiga chafya, kidole kikaachia, sauti ikaenda. Maneno yaliyobaki yalikuwa "kuwapokea wageni wetu kwa ngoma, madafu na vyakula vya kwetu." Nikasema hayo nitayasoma nikishakula, maana Zainabbai alikuwa ananiita chini. Simu nikaiacha pale pale juu ya magazeti.

Tukala wali na dengu. Nikaswali. Tukakaa dukani tukizungumza habari za binti yangu Sabra, ambaye ameolewa Msimbati, kijiji cha pwani karibu na mdomo wa Ruvuma. Ilikuwa mimba yake ya kwanza na siku zilikuwa zimetimia. Nilitaka aje ajifungulie kwangu kama ilivyo desturi, niwe karibu, hospitali karibu. Mume wake, Nassoro, akaniomba nisubiri arudi baharini amlete mwenyewe. Zainabbai akanitoa wasiwasi, akasema mimba ya kwanza huchelewa.

Akaingia mwanamke mmoja mbio, kanga imemwanguka begani, anataka betri za tochi, zote zilizopo. Simu yake mkononi ikawa inazungumza. Nikaisikia. "Vijana wamekwisha kuvuka mto Ruvuma."

Zainabbai akageuka. "Hamisa, si wewe huyo?"

Niambieni, mmewahi kuisikia sauti yenu ikitoka kwenye mkono wa mtu msiyemjua, inasema jambo ambalo hamkusema? Mwanamke yule aliponitambua akanishika mikono yote miwili, analia. "Bi Hamisa, umewaona kwa macho yako?"

"Sijaona mtu! Nilikuwa nasoma gazeti!"

"La leo?"

"La zamani! La zamani, mama, kabla hujazaliwa!"

Akanitazama kwa huruma, unavyomtazama mtu aliyerukwa na akili kwa hofu. Akachukua betri zake, akatoka. Nje nikaona watu wanafunga maduka, na bodaboda moja imebeba mama, watoto na godoro.

Nilipanda ngazi zile sijui kwa miguu ya nani. Simu ilikuwa imejaa. Grupu la ukoo, grupu la mtaa, grupu la wauza samaki, hata grupu la unyago la mtoto wa jirani, kote mimi. Nikatafuta moja tu, nikaipata. Sabra alikuwa ameandika: "Mama nimesikia. Natoka sasa hivi."

Nikampiga. Namba unayopiga haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nassoro naye haipatikani, yuko majini. Nikakaa chini juu ya magazeti ya watu.

Nikafanya analofanya kila mjinga: nikaufuta ule ujumbe. Dakika haikupita, grupu likalipuka. "Umefutwa! Wamempokonya simu!" "Inna lillahi, wameshafika Mikindani!" Nikaona niseme kwa sauti, ndiyo kazi yangu. Nikabonyeza, nikajikaza, na kwa kujikaza ikatoka ile ile ya matangazo: "Ndugu wananchi, msiwe na wasiwasi. Hao vijana ni wa zamani, ni watu wema, walikuja kwa urafiki. Rudini majumbani mwenu mtulie."

Asadi akapiga. Kaka yangu yuko bandarini Mtwara, mtu mzima, mwenye sauti ya kukemea. Alikuwa ananong'ona.

"Dada. Wako hapo? Wamekuwekea bunduki? Kama ndiyo, kohoa."

"Asadi, nikohoe kwa lipi! Hakuna mtu! Nilikuwa namsomea mwanao gazeti!"

"Sawa, dada. Sawa. Waambie tutatoa chochote."

Jamani! Nilitukana. Nilimtukana kaka yangu wa tumbo moja tusi ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mwanamume. Hapo ndipo akaamini. Akasema polisi wananitafuta, sauti imeshafika mkoani, nijifiche kwanza. Nikamwambia polisi waambie Hamisa kaenda Msimbati, wakitaka wamfuate. Hao niliwaeleza kesho yake, gazeti mkononi. Hayo tuliyamaliza wenyewe. Wakati ule kichwani nilikuwa na mtu mmoja tu, na tumbo lake.

Wanawake wa Msimbati nililisikia shauri lao zamani: vijana wakija, barabara ni moja, kwa hiyo usikimbilie barabarani. Ingia mikokoni, zima simu, na yeyote atakayeita, hata kwa jina lako, usiitike. Sabra alinieleza mwenyewe. Sasa siku ile ilikuwa bamvua. Yeyote aliyezaliwa pwani anajua maji ya bamvua yanavyojaa alasiri, mikoko ile inabaki vichwa tu. Walioingia mchana wameingia kwenye tope kavu. Wakingoja jioni, wakingoja vijana wapite, watakuwa wamekaa ndani ya bahari. Na mmoja wao ni mzito.

Nikamwita Hemedi. Alikuja na bajaji yake, uso umemsawijika, kwa sababu yeye naye alikuwa amewapeleka wanawe kwa mama yake kwa ajili ya sauti yangu. Nikamweleza njiani. Tulipopita mjini akasema, "Mama, siku nyingine wasomee methali." Nilicheka, nikalia humo humo.

Barabara ya Msimbati ilikuwa inakuja na watu. Pikipiki, baiskeli, watu wa miguu na vifurushi, mzee amebebwa mgongoni. Hemedi akafungua spika, nikatangaza: rudini, hakuna kitu, nimekosea, ni mimi Hamisa. Waliposikia ile sauti walitoka barabarani wakaingia kwenye mikorosho. Mama mmoja alimlalia mtoto wake chini. Sauti ile ile waliyoizoea, wanaikimbia! Nikamwambia Hemedi zima, zima hilo lidude.

Msimbati hapakuwa na mtu. Nimefika kijiji kile mara nyingi, sijawahi kukisikia kimya. Mbuzi amefungwa, analia. Sufuria iko motoni, wali umeungua na moshi wake umejaa uani. Nyumbani kwa Sabra mlango uko wazi, kiatu kimoja kizingitini. Kile kifurushi cha kanga za uzazi nilichomletea hakikuwepo. Nikajua amekibeba, na hakukibeba bure.

Nitasema kweli. Nikiwa nimesimama pale uani, nikaanza kuamini. Mimi niliyeisoma, ninayeijua chafya yake! Nilitazama upande wa mdomo wa mto, nikaona miti inatikisika, nikajisemea labda wamevuka kweli, labda Mungu alinisomesha ili niwaonye. Hemedi naye alikuwa anatazama huko huko, ufunguo wa bajaji kaushika kama kisu.

"Twende pwani," nikamwambia, "kabla sijakimbia na mimi."

Mikoko inaanzia nyuma ya kijiji, nene, giza ndani hata jua likiwaka. Maji yalikuwa yameshaanza kuingia, yanapanda taratibu katikati ya mizizi, meusi, na povu. Nyayo zilikuwa nyingi kwenye tope, zote zinaingia, hakuna iliyotoka. Hemedi akasogeza bajaji mpaka mwisho wa mchanga. Nikashika kipaza sauti.

"Sabra! Sabra binti yangu! Tokeni, maji yanajaa!"

Kimya. Kisha nikasikia, mbali kidogo, maji yanachapwa. Tena, mbali zaidi. Ndipo nikaelewa. Walikuwa wananikimbia mimi. Kila nikiita wanasogea ndani, kwenye maji marefu.

Nikazima. Nikakaa kwenye mchanga, nikashika kichwa. Hemedi akasema tuingie tuwatafute. Nikamwambia ukiingia wewe, mwanamume, wakasikia hatua zako, watajizamisha. Nikafikiri: wanaamini nina mtu nyuma yangu. Wanaamini wanaume wamenisimamia na bunduki wananiambia sema. Niseme nini ambacho mwanaume hawezi kuniambia niseme?

Basi nikajua. Usiniulize ni kwa akili gani.

Sisi wanawake wa huku tumechezwa unyago. Mwari akitolewa ndani kuna nyimbo anaimbiwa na makungwi, na nyimbo hizo haziimbwi penye masikio ya mwanamume. Haziimbwi, yaani afadhali uvue nguo sokoni. Mume wangu alikufa hajawahi kusikia hata mstari. Mwanamke aliyetekwa atasema chochote atakachoambiwa, atalia, ataomba, ataita mtoto wake kwa jina. Ule wimbo hataimba, na hakuna mwanamume duniani atakayemwambia auimbe, kwa sababu hajui kama upo.

"Hemedi, nenda."

"Niende wapi, mama?"

"Mbali. Mpaka nisiisikie injini. Nenda na spika lako."

"Nikuache hapa peke yako?" Akatazama mikokoni, akatazama mtoni. "Na kama wapo kweli?"

"Kama wapo, utawakuta njiani kabla yangu. Nenda!"

Akaondoka. Nilisikiliza bajaji ikipungua, ikipungua, mpaka nikabaki na mbu na maji. Sijawahi kuogopa vile. Kuzaa niliogopa, kuzika niliogopa, lakini pale nilikuwa naogopa mgongo wangu mwenyewe, kwamba nikigeuka nitamwona mtu. Nikaingia kwenye maji mpaka magotini, nikafungua kinywa.

Maneno ya wimbo sitayasema hapa. Wanaoyajua wanayajua. Sikuimba kwa sauti ya matangazo, maana wimbo ule hauna nafasi ya kutangaza; niliuimba chini, wa kooni, kama nilivyofundishwa nikiwa nimekalishwa kwenye mkeka, nimefunikwa kanga. Nikafika pale wenzako wanapopaswa kupokea. Nikanyamaza.

Hakuna aliyepokea.

Nikaanza tena. Maji yalikuwa yamefika mapajani, na sauti inakatika. Nikafika pale pale, nikanyamaza, na kutoka ndani ya mikoko, kwa mbali, mwanamke mmoja akapokea. Sauti ya kizee, ya kukwaruza. Akapokea wa pili. Wakapokea wengi, hawaonekani, sauti inatoka kwenye miti kushoto na kulia, na nywele zikanisimama ingawa nilikuwa nimezitafuta sauti hizo kwa roho yangu yote.

Wakaanza kutoka. Tope mpaka shingoni, watoto wamefungwa mgongoni, macho mekundu. Wanaume wao walikuwa upande wa pili na mitumbwi, hawakusikia, au walisikia wakajifanya viziwi, Mungu anajua. Mimi nilikuwa naangalia kila uso. Huyu siye. Huyu siye. Nikamkamata mmoja kanga. "Sabra yuko wapi?"

"Tulikuwa naye," akasema. "Uchungu ulimshika. Ulipoita kwa spika tukasogea ndani, yeye hakuweza."

"Wapi?"

Akanionyesha kwa kidole, ndani zaidi, kule maji yalikokuwa yanaelekea.

Niliogelea nusu, nikatembea nusu, mizizi inanichana miguu. Niliita jina lake kwa sauti ndogo. Sikuthubutu kuita kwa nguvu. Nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa amekaa juu ya mizizi ya mkoko mkubwa, maji kiunoni, mkono mmoja umekumbatia shina. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya kanga iliyofungwa kifuani, na kwenye kanga mlikuwa na kitu. Alikuwa ameshajifungua, peke yake, humo, bila kutoa sauti.

"Sabra."

Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

"Mwanangu, niko peke yangu. Hukusikia tulivyoimba?"

"Wamekuachia?"

"Hakuna wa kuniachia. Hakuna aliyevuka. Nilikuwa nasoma gazeti la zamani, Sabra. Wageni walikuja kucheza ngoma. Nilikosea grupu."

"Watu wamesema vijana, vijana, mwaka mzima, sikutoka hata siku moja," akasema. "Leo ulisema wewe."

Nikapeleka mkono kwenye kanga nimpokee mtoto, ndipo nikaona mkono wake wa pili uko wapi. Kiganja kilikuwa kimeziba mdomo na pua.

"Toa mkono."

"Atalia, mama."

"Sabra, toa mkono!"

"Atalia, watasikia. Nimemzuia vizuri, hajalia hata mara moja."

Nilivikamata vidole vyake, nikavibandua kimoja baada ya kimoja. Vilikuwa vimekakamaa, na alinipinga, mwanangu alipigana na mimi kwa nguvu zake zote zilizobaki. Mtoto alikuwa mvulana. Alikuwa wa rangi ya samawati na kitovu bado hakijakatwa. Nikamfyonza ute puani kwa kinywa changu, nikautema. Nikampiga nyayo. Kimya. Nikampiga tena. Mimi ninayesema kutwa kucha, ninayewasemea watu wa mkoa mzima, sikuwa na neno hata la kumwomba Mungu, nilikuwa nasema "haya, haya, haya" tu, kama mwendawazimu, na Sabra ananitazama.

Akajikunja. Akavuta pumzi, nyembamba, nikaisikia inaingia. Akalia.

Alilia kwa kelele ambayo hukutegemea itoke kwenye mwili mdogo vile. Nyuma yetu, kule kwenye miti, wanawake waliokuwa wamenisikia, wamenijibu, wameniona peke yangu kwa macho yao, wakashtuka wote. "Mnyamazishe! Jamani, mnyamazisheni!" Na mkono wa Sabra ukainuka tena kutoka kwenye maji, unakuja usoni kwa mwanawe.

Nikaukamata njiani, nikaushikilia.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache alie. Alie wasikie mpaka ng'ambo."